Umeugua muda mrefu na bado unaamini: mwongozo kamili wa kuvumilia bila kujidanganya

Huu mwongozo ni wa Mkristo ambae ugonjwa umegoma kuondoka. Siongelei mafua wala malaria ya wiki moja, naongelea kisukari, figo, kansa, selimundu, VVU, mgongo uliopigwa picha mpaka basi, kiharusi kilichokuachia upande mmoja, sonona ambayo nyumbani wanaiita uvivu. Na ni wa yule anaekuuguza pia, maana nae anaumwa kivyake ila hana faili.

Nimekaa sana kwenye mabenchi ya hospitali na kwenye sala za jumuiya nyumbani kwa wagonjwa, na naona tunamsifia mno mgonjwa anaesema "niko poa, Bwana ni mwema" huku ameuma meno, tunasema huyo ndo mvumilivu. Mi nakataa. Kuvumilia kikristo ni kubaki na Mungu na kubaki na matibabu, vyote kwa pamoja, na kote huko ukiwa unasema ukweli. Ukimdanganya daktari kwamba dawa unakunywa, au ukimdanganya Mungu kwamba hujakasirika, hapo ndo mambo yanapoanza kuharibika. Hatua zinafuata, zingine ndefu zingine fupi, anza na ile inayokubana sa hivi.

Hatua ya 1: Jua unaumwa nini

Utashangaa watu wangapi wana mwaka wa pili wa maombi na hawajui jina la ugonjwa wao. Ukimuuliza anakwambia "tumbo" au "wanasema damu". Sasa unaomba nini hapo?

Nunua daftari, hata la mia tano, liwe la ugonjwa tu. Siku ya kliniki nenda na mtu mwenye masikio mazuri na asiyelia haraka, maana ukishasikia neno kansa mengine yote daktari anayoyasema yanapita juu ya kichwa. Uliza, na mwambie huyo mtu aandike: ugonjwa unaitwaje, ni wa kupona au ni wa kuishi nao, hizi dawa ni za mpaka lini, dalili gani nikiziona nirudi usiku huohuo nisisubiri asubuhi, na hela itahitajika kiasi gani kwa mwezi. Majibu ya vipimo yapige picha na simu kabla faili halijarudi dirishani, mafaili yanapotea jamani.

Hilo swali la kupona au kuishi nao usiliogope, kwasababu ndo linaamua unajipanga vipi. TB ya kawaida ukimeza dozi yako ya miezi 6 bila kuruka unapona, kwahiyo hapo uvumilivu una tarehe ya mwisho. Figo zikishafeli kabisa, kusafisha damu kwa kawaida ni mara 3 kwa wiki, kila mara kama masaa 4, mpaka upate figo nyingine. Hapo unahitaji moyo wa aina nyingine, nauli ya aina nyingine, na hata maombi yako yatabadilika sura. Anaejipanga kwa miezi 6 kwenye ugonjwa wa miaka 20 atachoka mapema sana alafu aseme imani imemwisha, kumbe alikosea hesabu tu.

Hatua ya 2: Maliza kesi ya "nimekosea nini"

Hii kesi lazima ifunguliwe. Usipoifungua wewe ataifungua shangazi, au jirani, au yule mpendwa anaekuja na chupa ya mafuta na macho ya upelelezi. Watakwambia kuna dhambi hujaitubu, kuna mkono wa mtu, kuna laana ya ukoo, imani yako ndogo.

Soma Yohana 9. Wanafunzi wanamuona kipofu tangu kuzaliwa na swali lao la kwanza ni nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu anawajibu "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Alafu nenda kwa Ayubu. Wale marafiki zake watatu walifanya vizuri sana mwanzoni, walikaa nae chini siku 7 mchana na usiku bila kusema neno, waliharibu pale walipofungua mdomo kuanza kumtafutia kosa, na mwisho wa kitabu ni wao Mungu aliowakasirikia na Ayubu ndo aliambiwa awaombee. Wakileta habari ya imani ndogo waulize kuhusu Timotheo, ambae Paulo anamwandikia habari za tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Au Trofimo, aliyeachwa Mileto akiwa mgonjwa, na aliyemwacha ni huyohuyo Paulo ambae pale Efeso leso zilizogusa mwili wake zilikuwa zinapelekwa kwa wagonjwa wanapona. Imani ya nani ilikuwa ndogo hapo?

Kama kuna kitu unakijua kabisa ndani yako, mfano pombe na sa hivi ini limeharibika, tubu. Mara moja. Alafu endelea na kliniki. Kutubu kitu kilekile kila usiku kwa miaka 3 ni kumwambia Mungu hujamsikia aliposema amesamehe.

Na habari ya kumtafuta mchawi, mi nasema achana nayo kabisa. Nimeona familia zimevunjika, mama mkwe haongei na mkwe, watoto wamegawana, na mgonjwa bado anaumwa vilevile.

Hatua ya 3: Dawa na maombi vikae meza moja

Hapa nitakaa muda maana hapa ndo watu wanakufa.

Wenye umri wetu tunaikumbuka 2011, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa KKKT, yaani Kanisa la Kilutheri, mzee Ambilikile Mwasapila, kijijini Samunge, kikombe kimoja cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, akasema ameoteshwa na Mungu. Watu wakatoka nchi nzima, Kenya wakaja, foleni ya magari ilikuwa ya kulala njiani siku kadhaa, kuna wagonjwa walitolewa wodini kupelekwa kule na wengine hawakufika. Na wapo waliokunywa kikombe wakarudi nyumbani wakaacha ARV, zile dawa za VVU. Leo simjadili mzee, alishafariki 2021. Nachotaka ushike ni kwamba siku utakayojisikia umeponywa, ukathibitishe kwa kipimo, na dozi isimamishwe na yule aliyeiandika. Mtu mwingine yeyote asiguse, hata kama ana upako wa kutosha kujaza uwanja. Mungu akikuponya kweli, mashine ya maabara itasema, haina sababu ya kumficha Mungu.

Wanaosema dawa ni kukosa imani waonyeshe Hezekia kwenye 2 Wafalme 20. Mungu mwenyewe anamwahidi miaka 15, ahadi imetoka mbinguni moja kwa moja, na bado Isaya anaagiza waweke mkate wa tini juu ya jipu. Na Luka, aliyetuandikia Injili, alikuwa tabibu, Paulo anamwita mpendwa na hakuna mahali alimwambia aache kazi.

Kuna mtu mwingine nampenda sana kwenye hili, Edel Quinn. Dada wa Ireland, amezaliwa 1907, alitaka kuingia utawani TB ikamzuia, akalazwa sanatoriamu, hospitali ya wagonjwa wa TB, kama mwaka na nusu. 1936 akaja kuanzisha huku kwetu Legio ya Maria, chama cha kitume cha Wakatoliki, makao yake Nairobi, akazunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland (Malawi ya leo) mpaka Mauritius, kwa barabara za wakati ule na kifua kile. Watu wakimsimulia wanapenda kusimulia safari. Mi napenda ile sehemu alipozidiwa mwaka 1941, akakubali kulazwa huko Afrika Kusini muda mrefu, akapumzika kama walivyomwambia, ndipo akarudi kazini. Alifariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944. Streptomisini, dawa ya kwanza kuiweza TB, ilikuwa imepatikana kule Marekani mwaka 1943 tu na ilikuwa bado haijawafikia wagonjwa. Yeye hakuwa na kidonge hata kimoja cha kumtibu. Wewe dozi ya TB unapewa bure dirishani, alafu unairuka ili uonyeshe imani?

Vitu vya kufanya kila siku. Weka alamu ya dawa kwenye simu na sala yako ndogo uiweke hapohapo, kidonge mkononi unasema "Bwana, tumia hiki" unameza. Inachukua sekunde, na inakuondolea ule ugomvi wa ndani kwamba unamsaliti Mungu.

Kufunga: mwenye kisukari anaechoma insulini, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo, mjamzito, usifunge chakula bila kuongea na daktari. Hata Kanisa Katoliki kwenye Kwaresma halimlazimishi mgonjwa. Funga kitu kingine, funga kuangalia simu usiku, funga umbea, hiyo ndo ngumu kweli.

Mikesha: mwenye selimundu baridi na kukosa maji vinaweza kumletea maumivu makali, mwenye kifafa kukosa usingizi kunaweza kumletea degedege. Waombee mchana, kwani Mungu analala mchana?

Na hii naomba isambazwe kwenye kila kanisa: mgonjwa wa kisukari akianza kutetemeka, jasho linamtoka, anaongea vitu havieleweki katikati ya maombi, kabla hamjakemea pepo fikirieni sukari imeshuka. Kama yuko macho na anaweza kumeza mpe soda ya kawaida au maji yenye sukari. Kama amezimia usimmiminie kitu mdomoni, kimbiza hospitali.

Maji ya upako: mgonjwa wa figo anaesafisha damu amepimiwa maji ya siku nzima, wengine hayafiki hata lita moja. Akinywa chupa mbili kwa imani maji yanaenda kujaa kwenye mapafu. Madafu na zile juisi za majani pia, zina potasiamu ambayo figo mbovu haziwezi kuitoa na inaweza kusimamisha moyo. Kama ni lazima, nyunyiza kwa nje.

Hatua ya 4: Jifunze kulalamika kwa Mungu

Makanisani tumefundishwa kusifu, kulalamika hatujafundishwa, na mgonjwa wa muda mrefu akiishiwa sifa anadhani ameishiwa Mungu. Fungua Zaburi ya 13: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Hiyo iko kwenye Biblia, iliimbwa kwenye ibada. Zaburi ya 6 mtu analowesha godoro kwa machozi. Zaburi ya 88 ndo kiboko, inaanza na kilio inaisha gizani, hakuna hata mstari mmoja wa "lakini nitakusifu" mwishoni, na hakuna aliyeitoa. Yesu mwenyewe msalabani alichukua Zaburi ya 22, Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha.

Kwahiyo andika yako. Kwenye lile daftari, ukurasa wa nyuma. Mwite kwanza, mwambie kinachokuuma bila kupamba, omba unachokitaka kwa jina lake, alafu mwisho andika kile ambacho bado unakiamini leo, hata kama ni kidogo, na kama hakuna acha wazi. Mfano:

"Baba, leo nimetapika mara nne na mtoto ameniona. Nimechoka kuwa mtu wa kuonewa huruma. Juma amepona, mimi nimekufanyia nini? Nataka kula ugali na kikakaa tumboni, hicho tu kwa leo. Sijui kama unanisikia ila sina mwingine wa kumwambia."

Hiyo ni sala. Wala usiiongezee amina ya nguvu.

Kuhusu kuomba uponyaji, omba, na omba wazi, Paulo aliomba kuhusu mwiba wake mara tatu na Yesu Gethsemane alirudia maneno yaleyale. Paulo alijibiwa "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu", mwiba ukabaki. Wale vijana watatu wa kwenye Danieli 3, waliotishiwa kutupwa kwenye tanuru la moto, walisema Mungu wetu aweza kutuokoa, alafu wakaongeza "Bali kama si hivyo". Omba na sehemu zote mbili, ukiacha ya pili unajiwekea mtego, na kuna wahubiri wanakuzuia kuisema eti ni kukiri kushindwa. Wale vijana hawakushindwa.

Siku ambazo huna nguvu ya kuunganisha sentensi, sema Baba Yetu tu, au "Bwana nihurumie", au shika rozari kama ni mtu wa rozari, au weka Biblia ya sauti kwenye simu ilie yenyewe pembeni ya mto. Warumi 8:26 inasema Roho anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwahiyo ile miguno yako ya saa nane usiku usidhani imepotea bure.

Hatua ya 5: Maumivu yasemwe

Kuna wazo limejificha kwamba kuumia ni kumsaidia Yesu kubeba msalaba, kwahiyo mgonjwa anakataa dawa ya maumivu. Mtu atakuletea Marko 15, kwamba Yesu alipewa mvinyo uliotiwa manemane akakataa. Sawa, alikataa, alikuwa na kazi moja ya kuimaliza akiwa na akili timamu. Ila muda wote wa huduma yake hakuna mgonjwa alimwendea akiwa na maumivu akamwambia vumilia yatakufaa.

Cicely Saunders, muuguzi Mwingereza na Mkristo aliyesomea udaktari baadae, alifungua hospisi (nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiopona) ya St Christopher's London mwaka 1967 akiwa anafundisha kwamba maumivu ya mtu anaekufa yana pande nyingi, mwili, akili, familia na hela, na roho, ukitibu upande mmoja mengine yanamlilia. Uganda daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993 na morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, inayonyweka nyumbani kwa gharama ndogo, na huko wauguzi waliosomeshwa wameruhusiwa kuiandika. Kwahiyo ukiambiwa morfini usione umesajiliwa kuzimu. Ikitolewa kwa maumivu ya kansa kwa kipimo cha daktari, ni nadra mgonjwa kugeuka teja. Inafunga choo, hilo ni kweli kabisa, omba dawa ya kulainisha siku hiyohiyo, usisubiri siku ya tano.

Kliniki usiseme "naumwa tu". Sema wapi, saa ngapi, na namba, 0 ni hakuna na 10 ndo maumivu mabaya kuliko yote unayoweza kufikiria. Wanaume hasa, mnasema 4 mkiwa kwenye 9, mnamdanganya nani? Hospitali kubwa nyingi, na zile za misheni, siku hizi zina kitengo cha tiba shufaa, yaani cha kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, uliza kwa jina hilohilo.

Hatua ya 6: Tafuta watu wanne

Marko 2, aliyepooza alibebwa na watu wanne, wakatoboa paa la watu. Yesu aliiona imani yao. Maandiko hayasemi yule mgonjwa alikuwa anaamini nini asubuhi hiyo, inawezekana kabisa alikuwa amenuna.

Wako wanne wapange kwa kazi. Mmoja wa hospitali, anajua dawa zako na namba ya faili. Mmoja wa hela, anaandika kila mchango na kila matumizi. Mmoja wa maombi, ambae unaweza kumtumia neno moja tu saa tisa usiku. Na mmoja wa kucheka, wa kukuletea habari za mpira na za mtaani, ambae hakuangalii kwa yale macho ya msibani. Huyu wa mwisho watu wanamsahau, kumbe kuna wiki ndo anakubeba kuliko wote.

Mchungaji hajaja kukuona? Umemwita? Yakobo 5:14 inasema mgonjwa ndo awaite wazee wa kanisa waje wamwombee na kumpaka mafuta. Watu wanakaa wiki sita wamekasirika kitandani kumbe habari haikufika ofisini. Tuma ujumbe mfupi kwa mzee wa kanisa au mwenyekiti wa jumuiya: "Shikamoo mzee, nimelazwa tangu Jumatatu, naomba mje mniombee na kunipaka mafuta, saa kumi ni saa ya kuona wagonjwa." Na Wakatoliki, msisubiri mtu akate kauli ndo mumwite padre mbio, Mpako wa Wagonjwa ni wa mtu aliyeugua sana au anaeenda kufanyiwa operesheni kubwa, unapokelewa ukiwa unajitambua na unaweza kurudiwa.

Wageni wawekee muda, nusu saa inatosha, muuguzaji ndo aseme ili mgonjwa asionekane ana maringo. Na siri ya ugonjwa ni yako. Kusimama madhabahuni kutoa ushuhuda wa VVU au kansa ya shingo ya kizazi ni uamuzi wako, usisukumwe na mtu mwenye kamera.

Hatua ya 7: Hela

Fupi. Dawa, nauli ya kliniki na chakula vinatoka kwanza, sadaka inafuata kwa kilichobaki. Mtu akikwambia uponyaji wako umefungwa mpaka utoe mbegu ya kiasi fulani, ondoka, hata kama kwaya inaimba vizuri. Yule mwanamke wa Marko 5 alikuwa amemaliza vyote alivyonavyo kwa matabibu, na Yesu hakumwomba hata senti.

Bima kama ipo, kagua inalipia nini kabla hujazidiwa. Kama haipo na hali ni mbaya, hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii, nenda kabla bili haijawa mlima, beba barua ya serikali ya mtaa. Mchango wa kanisani au wa grupu la familia uwe na namba moja ya simu na hesabu zionyeshwe kila wiki, ugomvi wa hela za mgonjwa ni mbaya kuliko ugonjwa.

Hatua ya 8: Giza la kichwani

Eliya, aliyetoka kushusha moto Karmeli, alikaa chini ya mretemu akaomba afe. Mungu hakumhubiria kwanza. Malaika alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Kwahiyo kabla hujapima imani yako, jiulize umekula? Umelala? Kuna dawa mpya umeanza ambayo inaweza kuwa inakuvuruga? Mwambie daktari.

Ila kama wiki zinapita huoni raha ya kitu chochote, au umeanza kuwaza kujiua au kuacha dawa makusudi ili uondoke, hiyo mwambie mtu leo, kwa sauti, kwa maneno hayohayo. Mwombe yule mtu wako wa hospitali akusindikize, kuna kliniki za afya ya akili na matibabu yapo. Muuguzaji ukisikia hayo maneno usikemee, usiseme "shindwa", kaa nae, toa sumu za panya na madawa ya ziada ndani ya nyumba, na msimwache peke yake.

Na wewe muuguzaji, pata siku moja kwa wiki mtu akupokee. Epafrodito alitumwa kumhudumia Paulo gerezani, akaugua karibu kufa, na Paulo akamrudisha kwao. Kurudi kupumzika hakukuwa usaliti.

Hatua ya 9: Kama hali inaelekea mwisho

Muulize daktari wazi, na muulize ukiwa bado na nguvu. Ukishajua, yafuatayo yafanye mapema, wala hayazuii muujiza, Mungu hasomi wosia wako ndo aamue kukata tamaa.

Andika wosia mbele ya mashahidi, uandikwe vizuri kisheria, mwanasheria au parokiani na usharikani wanaweza kukuelekeza. Sema nyaraka za kiwanja ziko wapi, nani anakudai, nani unamdai na yupi umemsamehe deni. Omba msamaha kwa unaotakiwa kuwaomba, kwa simu kama hawawezi kuja. Kama kuna watoto wadogo waambie ukweli kwa kiasi chao, watoto wakifichwa wanajitungia, na wanachotunga huwa ni kibaya zaidi. Sema unataka kubaki nyumbani au hospitali. Pokea Meza ya Bwana ukiwa bado unaweza kumeza.

Alafu nyimbo na masomo ya ibada yako yachague mwenyewe, andika namba za tenzi kwenye lile daftari na umkabidhi mtu mmoja anaejua kuimba, maana usipochagua kwaya itakuchagulia, na wataimba beti zote.